Nishani kwa Fuko Uchi

Simba amesifiwa vya kutosha. Kwenye nembo ya taifa ya Kenya wamesimama wawili kwa miguu ya nyuma, ngao katikati, kila mmoja na mkuki wake. Tanzania wamempa timu ya mpira. Na ni wanasiasa wachache mno walioshinda kiti bila kujiita simba wa mahali fulani. Ukienda kumtazama mwenyewe, utamkuta amelala. Hulala hata saa 20 kwa siku, na akiamka mara nyingi wake zake wameshawinda, kwa hiyo linalobaki ni yeye kuanza kula. Tembo anasifiwa kwa ukubwa, sifa ambayo hata jabali inayo. Twiga anasifiwa kwa urefu. Duma anasifiwa kwa mbio, na mbio zenyewe hazimalizi dakika kabla hajaketi kuhema huku fisi akimjia kunyang'anya kitoweo.

Wageni hulipa dola nyingi kuja Tsavo kuwaona hawa. Hushuka barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, husimama Mtito Andei kunywa chai, kisha huingia mbugani na darubini shingoni. Na huko Mtito Andei, chini ya udongo mwekundu uliokauka ukawa mgumu wa kuvunja jembe, yupo mnyama mwenye mama anayeheshimiwa, kazi isiyolala, choo cha kudumu na maisha marefu kupita kiasi. Hakuna anayemtolea darubini. Namzungumzia fuko uchi.

Tuanze na sura, maana wapinzani wake wataanzia hapo. Chukua kidole kilichokaa majini siku nzima kikakunjamana, kiongezee mkia, miguu minne myembamba, na meno mawili juu na mawili chini, yote yakiwa nje ya mdomo: umempata. Urefu wake ni sentimita 8 hadi 10, uzito gramu 30 na kitu. Macho anayo, lakini hayamwonyeshi mengi zaidi ya mwanga na giza. Masikio ni matundu tu. Ngozi ni ya waridi iliyochujuka, tena imempwaya kiasi kwamba anaweza kujigeuza ndani yake kwenye njia nyembamba asikwame.

Sasa sikilizeni utetezi. Nywele anazo kama 100 hivi mwili mzima, zimejipanga kwa safu, na kila moja imeajiriwa: gusa moja, naye hupeleka pua palepale ulipogusa, gizani, bila kupapasa. Sisi wenye nywele laki moja kichwani tunazilipia kila mwisho wa juma zisukwe, zinyooshwe au zinyolewe, na hakuna hata moja iliyowahi kutuonyesha njia. Meno nayo yamesemwa vibaya. Midomo ya fuko hufunga nyuma ya meno, kwa hiyo huchimba kutwa kinywa kikiwa kimefungwa na asimeze hata punje ya mchanga. Yale mawili ya chini anaweza kuyatanua na kuyabana apendavyo. Robo ya misuli yote ya mwili wake iko kwenye mataya, na karibu theluthi ya eneo la ubongo wake linalopokea hisia za mguso limetengwa kwa ajili ya meno hayo tu. Kuna watu mashuhuri ambao ubongo wao haujawahi kutenga kiasi hicho kwa jambo lolote.

Mtazame kazini asubuhi baada ya mvua, ardhi ikiwa imelainika kidogo. Kwanza utaona kifusi cha udongo chenye tundu katikati. Kisha kutoka kwenye lile tundu udongo unaanza kuruka, fu, fu, fu, unamwagika pembeni. Ukinyatia ukachutama karibu, utamwona anayeurusha: matako madogo ya waridi na miguu ya nyuma inayopiga teke bila kupumzika. Uso hauonyeshi. Huyo ndiye wa mwisho kwenye foleni. Huko ndani kabisa, mmoja anaguguna ukuta kwa meno. Nyuma yake wamejipanga wenzake, na kila mmoja hupokea udongo na kuusukuma kinyumenyume hadi kwa mpiga teke, kisha hurudi mbele akiwa amesimama kwa ncha za vidole, miguu ameitanua, ili wanaoshuka na mizigo wapite chini ya tumbo lake. Hakuna anayepiga honi. Hakuna anayepita pembeni ya barabara kwa sababu ana haraka kuliko wengine. Himaya kubwa ikiunganisha mahandaki yake yote hupata kilomita 3 hadi 5, na zote zimechimbwa kwa meno, bila zabuni, bila mkandarasi, bila mgeni rasmi wa kuweka jiwe la msingi. Yule mpiga teke ndiye anayeliwa kwanza nyoka akinusa udongo mbichi, na mpaka leo hajadai posho ya mazingira magumu.

Chakula chao ni viazi pori, na vingine vina uzito wa makumi ya kilo. Wakikipata hawakimalizi. Hukitoboa, hula nyama ya ndani, huacha ganda, kisha huziba tundu kwa udongo na kwenda zao; kiazi hupona, hunenepa tena, nao hurudi. Maji hawanywi kabisa, yaliyomo kwenye kiazi yanawatosha. Mkulima anayemjua binamu yake mwenye manyoya, yule anayekula muhogo kwa chini huku majani yakiendelea kukudanganya kwa juu, ataguna akisikia nasifu ukoo huu. Aendelee kuguna. Kwa upande wa choo, fuko uchi wana chumba maalumu, na kikijaa hukiziba wakachimba kingine. Nimesafiri kwa basi usiku katika nchi zetu hizi, na vipo vituo vya kuchimba dawa ambavyo wenyewe wangefaa kupelekwa chini ya ardhi kwa mafunzo ya wiki mbili.

Lakini sifa yake kuu ni siasa. Miaka ya 1970 Richard Alexander wa Chuo Kikuu cha Michigan, bingwa wa wadudu, alikuwa akitoa mihadhara huku na huko akiwaza kwa sauti: kama angekuwapo mnyama anyonyeshaye anayeishi kama mchwa, malkia mmoja akizaa na wengine wote wakitumika, angekuwa mnyama wa namna gani? Akajijibu kwamba angeishi chini ya udongo mgumu katika nchi kame yenye joto, na angekula mizizi mikubwa. Alikuwa akibuni tu. Mwaka 1976 huko Arizona msikilizaji mmoja akamwambia kwamba mnyama huyo yupo na anaishi Afrika. Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza fuko hawa alipokuwa Nairobi na baadaye akaendelea nao Chuo Kikuu cha Cape Town, alilithibitisha jambo hilo katika jarida la Science mwaka 1981. Mjerumani Eduard Rüppell alikwisha kumwandika mnyama huyu tangu 1842. Yaani miaka 139 ilipita watu wakimcheka sura, bila kuuliza kwao anatawala nani.

Anatawala mama. Katika himaya ya fuko 70 au 80, pengine hata karibu 300, anayezaa ni jike mmoja, na waume zake ni mmoja hadi watatu. Waliobaki, wake kwa waume, wengi wao mambo hayo hawayagusi maisha yao yote. Kila baada ya siku 80 hivi malkia huweza kuzaa, kwa kawaida watoto 11 au 12, na akiamua kuonyesha uwezo hupita 20. Chuchu zake ni kama 12, basi huwa ni zamu. Akibeba mimba, mifupa ya uti wa mgongo wake hurefuka, ili kizazi kipate nafasi bila yeye kupanuka na kukwama kwenye korido za nyumbani kwake. Viongozi wetu hurefusha muhula. Huyu hurefusha mgongo.

Na haketi kitini. Huzunguka mahandaki akikagua, na akimkuta mtu amezubaa humpiga kikumbo kwa pua na kumrudisha kinyumenyume mpaka azinduke. Mwaka 1992 Hudson Reeve alieleza katika jarida la Nature kwamba wanaopigwa vikumbo zaidi ni wale wenye miili mikubwa na wale wasio na undugu wa karibu na malkia. Someni tena sentensi hiyo, ninyi mlioajiriwa kwenye kampuni ya familia ya mtu. Reeve aliona pia kwamba malkia akiondolewa, kazi hupungua, jambo ambalo ofisi yoyote ingemthibitishia bila gharama ya utafiti siku bosi anaposafiri.

Malezi ni kazi ya raia, na hapa utawala huu unafikia ustadi ambao hakuna wizara ya habari iliyowahi kuukaribia. Fuko hula kinyesi. Usikunje uso; ni njia yao ya kuhakikisha kirutubisho hakipotei, na watoto wakiacha ziwa huombaomba kwa wakubwa wapewe. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walionyesha kwamba raia wanaokula kinyesi cha malkia mjamzito humeza ndani yake homoni za malkia, na homoni hizo huwafanya wakiitikie kilio cha vichanga vyake, wao ambao hawajazaa wala hawatazaa. Hakuna amri iliyotolewa. Hakuna mkutano wa hadhara, hakuna fulana za bure. Raia amekula alichoandaliwa, basi, na moyo wenyewe umelainika. Waliosema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi hawakuwahi kuonja chakula hicho.

Wanaelewana pia kwa lugha. Alison Barker, Gary Lewin na wenzao mjini Berlin walitoa mwaka 2021 matokeo yanayoonyesha kwamba kila himaya ina lafudhi yake katika ule mlio mwororo wa kusalimiana, na kichanga kikilelewa ugenini hukua kikisalimia kwa lafudhi ya ugenini. Malkia akifa, lafudhi huvurugika, kila mtu analia anavyojua, hadi apatikane malkia mwingine. Tanzania ina BAKITA tangu 1967, wasomi wazuri, vikao vizuri, na bado ukiwakutanisha watu wa Unguja, Mombasa na Lubumbashi kwenye meza moja hawatamaliza mchana wakiwa wamekubaliana hicho chombo ukutani ni televisheni, runinga au kitu gani. Tatizo letu ni kwamba hatung'ati.

Kwa fuko huwa wanang'ata. Malkia akiondoka, majike wakubwa huanza kugombea, na ugomvi unaweza kwenda wiki kadhaa na kuacha maiti. Watetezi wa haki watalalamika. Mimi naona hivi: hakuna mabango, hakuna foleni ya kura juani, hakuna kesi mahakamani, na aliyeshindwa haitishi waandishi wa habari kueleza alivyoibiwa. Upo pia uvumi, tena wenye ushahidi. Stan Braude na wenzake, waliowafuatilia fuko kwa miaka mingi katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, waliandika mwaka 2020 kwamba himaya kubwa huvamia za majirani, na vichanga vilivyotekwa vilikuja kuonekana baadaye vikiwa watu wazima wanaowachapia kazi watekaji. Msifiaji mwenye busara hupita hapa haraka.

Vivyo hivyo kwenye suala la waume wa malkia. Uchunguzi wa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika mbegu za kiume za fuko uchi, zinazoogelea ni kama asilimia 7, na nyingi zina maumbo ya kusikitisha. Sababu inayotolewa ni kwamba dume huyo hana mshindani, kwa hiyo hana cha kuharakia. Na bado watoto 12 wanazaliwa. Mwenye zabuni ya peke yake hupata cheti cha ukamilishaji kazi hata akijenga kwa matope.

Nageukia sasa kwa wale wanaocheka, maana wengi wao ni wataalamu wa tiba na wanamcheka huku wamempangia chumba chenye kiyoyozi. Tuanze na hewa. Fuko 80 waliolaliana chumba kimoja chini ya ardhi hutumia hewa wakaimaliza. Mwaka 2017 Thomas Park na wenzake waliwaweka kwenye chombo kisicho na oksijeni hata chembe. Panya wa kawaida hakumaliza dakika. Fuko alizimia, mapigo ya moyo yakashuka kutoka 200 hivi hadi 50 kwa dakika, mwili ukaachana na glukosi ukaanza kuchoma fruktosi, na baada ya dakika 18 aliporudishiwa hewa aliamka akaendelea na shughuli zake. Aliyewahi kupanda matatu ya abiria 14 iliyobeba 22, mvua inanyesha na madirisha yamekwama, ataelewa kwa nini naiona hii kuwa sifa ya kitaifa.

Hewa chafu ikizidi, mwili hujaa tindikali, na tindikali huuma. Haimuumi yeye. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba ngozi ya fuko uchi haisikii uchungu wa tindikali wala wa ile kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Ukimfinya anasikia vizuri, kwa hiyo si kwamba amekufa ganzi; amechagua tu malalamiko yake, kitu ambacho ningependa kukiona kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Halafu kuna uzee, na hapa hata simba aamke asikilize. Panya wa kimo kile akiishi miaka 3 amejitahidi. Fuko uchi hupita miaka 30. Rochelle Buffenstein, ambaye alianza kuwafuga tangu miaka ya 1980 kutoka mbegu ya Kenya, alikusanya pamoja na wenzake kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000, na mwaka 2018 wakatangaza jambo lililowaudhi wenye kampuni za bima: kadiri fuko anavyozeeka, uwezekano wake wa kufa hauongezeki. Kwa binadamu mtu mzima huo huongezeka maradufu kila miaka minane hivi. Malkia huendelea kuzaa uzeeni, bila fununu zozote. Saratani kwao ni nadra mno; visa vya kwanza kuandikwa vilitokea mwaka 2016, tena kwa waliokuwa wakifugwa. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Rochester, Marekani, waliona mwaka 2013 kwamba seli zake hutoa uteute mzito kuliko wetu unaozuia uvimbe kuanza, na mwaka 2023 kundi lao likatoa taarifa kwamba panya waliopandikizwa jeni ya fuko inayotengeneza uteute huo waliishi asilimia 4.4 zaidi. Matajiri wa dunia, wenye majumba yanayotazama bahari, wanalipa mabilioni wapate japo robo ya alichonacho mtu wa Mtito Andei asiye na dirisha.

Mwisho wa mwaka 2013 jarida la Science lilimtaja kuwa mnyama wa mwaka miongoni mwa wenye uti wa mgongo. Simba hakutajwa. Nyumbani, sarafu mpya za Kenya za 2018 zilitoka na twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20, basi sarafu zikaishia hapo. Naomba kwa hiyo apewe nishani, na naomba waandaaji wazingatie mambo machache ya itifaki.

Kwanza, asiletwe Nairobi mwezi wa Julai. Mwili wake hauna namna nzuri ya kujitunzia joto, hukaa kwenye nyuzi 32 hivi kwa sababu handaki liko hivyo. Akipelekwa kwenye baridi bila ndugu kama ishirini wa kulaliana naye hatafika kwenye wimbo wa taifa. Pili, asipangwe kusimama karibu na mjumbe wa himaya nyingine, hata kama wote ni wa kaunti moja. Tatu, akimpiga kikumbo mgeni rasmi atakayekuwa amesinzia jukwaani, walinzi wasiingilie. Nne, nishani yenyewe isiwe ya chuma wala ya utepe, maana ataiguguna kabla picha hazijapigwa. Iwe kiazi, kikubwa, kizima, chenye udongo wake. Atakula nyama ya ndani na kuacha ganda kwa uangalifu, kama alivyozoea. Kipelekwe moja kwa moja Mtito Andei kutoka shambani. Kikipitia kwenye kamati yetu ya maandalizi, hata ganda halitafika.